Habari za Skuli Kubwa ya Unguja

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya Waislamu wa Kuluva katika siku ya kumbukumbu ya Jumuiya





Katibu wetu aliponijia kunitaka nizungumze katika siku hii, nilimwuliza nizungumze juu ya jambo gani. Akanijibu, "Zungumza juu ya elimu." Nikamwambia kwamba juu ya elimu kila mtu amekwisha kuzungumza. Hapiti maulidi wala arusi hapa kwetu pasipo mtu kusimama akatukumbusha kuwa amri ya kwanza aliyoshushiwa Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, ni amri ya kusoma. Sisi huitikia, tukala pilau, tukaenda zetu. Na mwaka wa pili watoto wasiosoma ni wale wale. Kwa hiyo nimeona afadhali niwasimulie habari za skuli moja tu, iliyo mbali sana na sisi, ng'ambo ya bahari, kwa sababu Waislamu wa kisiwa kile walikutana zamani na shida ile ile inayotukabili leo katika shauri la kiwanja chetu. Nyote mwajua kuwa mbele ya Jumuiya kuna maoni mawili: wako wasemao kiwanja kilicho nyuma ya msikiti tukijenge ukumbi, na wako wasemao tujenge bweni la watoto wetu wanaosoma shule za sekondari mbali na nyumbani. Nitayarejea hayo mwishoni.

Skuli ninayotaka kuisimulia ni ile skuli kubwa ya serikali ya Unguja. Nasema "skuli" kwa kuwa ndivyo wenyewe waitavyo. Sisi na watu wa bara twasema "shule," neno lililotokana na Wadachi. Mtu wa Unguja ukimwambia "shule" atakuelewa, lakini atajua papo hapo kuwa hukuzaliwa Mji Mkongwe.

Yapasa kwanza tujue kuwa Waunguja hawakuwa watu wajinga waliongoja Mzungu awaletee kalamu. Kabla ya skuli yoyote ya serikali, mji ule ulikuwa na vyuo vya Kurani mitaani na darasa za masheikh wakubwa misikitini. Sheikh Ahmad bin Sumait alikuwa kadhi na mwanachuoni aliyejulikana mpaka nje ya Afrika ya Mashariki, na Sheikh Abdallah Bakathir alifundisha Ukutani, wanafunzi wakamwendea kutoka pande nyingi za pwani. Masheikh hao wawili walifariki mwaka mmoja, 1925. Basi mtu aliyelelewa katika mji wa namna hiyo, akiambiwa kwamba mwanawe "hana elimu" kwa sababu hajui kuandika jina lake kwa herufi za Kizungu, hawezi kukosa kuchukia.

Skuli za kwanza za Kizungu katika kisiwa zilikuwa za wamisionari wa Kiingereza, na iliyojulikana zaidi ni ya Kiungani, waliyowafundishia hasa watoto waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Waislamu hawakupeleka watoto wao huko, na sababu haihitaji kuelezwa mbele ya watu wa West Nile. Serikali nayo ikaanza mambo yake katika zama za Sultani Ali bin Hamud, ambaye yeye mwenyewe alisomeshwa Harrow, Uingereza. Mwaka 1907 ikawekwa Idara ya Elimu, na mkuu wake akawa Mwingereza aliyeitwa Rivers-Smith, ambaye baadaye alikwenda kuiongoza idara kama hiyo Tanganyika.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, na hapa nataka mnisikilize kwa makini. Skuli zilijengwa, walimu wakalipwa mishahara, wala hakuna aliyemtaka mtoto abatizwe. Walakini wazazi wengi, hasa wa mashamba na wa Pemba, hawakupeleka watoto. Maofisa wakaandika katika ripoti zao kuwa watu wale hawapendi elimu. Lakini ukiwasikiliza wazazi wenyewe utaona walikuwa na hoja. Walisema: mtoto akiingia skuli asubuhi, Kurani atahitimu lini? Walisema tena: kwa nini Kiswahili, ambacho babu zetu wamekiandika kwa herufi za Kiarabu miaka na miaka, leo kinafundishwa kwa herufi za Kilatini, hata mtoto asiweze kusoma barua ya baba yake? Nao walikuwa na shaka ambayo haikusemwa kwa sauti, kwamba mambo yanayoanza kwa herufi huenda yakaishia kwa imani.

Kwa maoni yangu, katika hoja hizo moja ilikuwa ya haki kabisa na nyingine haikuwa. Ya Kurani ilikuwa ya haki. Ya herufi, nitawaonyesheni punde hivi jinsi Mwenyezi Mungu alivyoigeuza.

Ugomvi huo ulikaa miaka zaidi ya thelathini. Serikali ilijaribu hiki na kile. Ikafungua skuli, ikazifunga kwa kukosa watoto, ikazifungua tena. Ilipofika karibu na mwaka 1940 ndipo ilipokubali jambo ambalo mwanamke yeyote wa shamba angaliweza kuwaambia mwaka 1907: wakaingizwa walimu wa Kurani ndani ya skuli za serikali, mtoto akaanza kwa kitabu chake cha dini, kisha akaendelea na hesabu na mengineyo chini ya paa lile lile. Watoto wakaja. Hawakuja kwa kulazimishwa na polisi wala kwa kutishwa. Walikuja kwa sababu mlango uliokuwa umefungwa juu yao ulifunguliwa.

Wakati huo skuli ya sekondari ya wavulana ilikuwa imekwisha kuanzishwa mjini, tangu katikati ya miaka ya 1930. Ilikuwa skuli ndogo kwa kipimo cha leo. Sensa ya mwaka 1948 ilihesabu watu 264,000 hivi katika Unguja na Pemba pamoja, na katika umma wote huo waliopata nafasi ya kufika sekondari walikuwa wachache mno. Mvulana wa Pemba aliyefaulu hakuwa na skuli ya namna hiyo kisiwani kwake; ilimbidi apande chombo, avuke bahari, akae mjini Unguja kwa jamaa ikiwa anao, au katika dakhalia. Neno hili "dakhalia" ni la Kiarabu, na kwa Waunguja maana yake ni bweni la wanafunzi. Nalitaja makusudi, kwa kuwa ndilo neno la shauri letu.

Picha za miaka ile zaonyesha wavulana wamevaa kanzu na kofia, wamekaa mbele ya ubao ulioandikwa Kiingereza. Baadaye kanzu ikaachia shati na suruali fupi, lakini maisha yenyewe yalibaki ya namna mbili kwa pamoja. Asubuhi mtoto alikuwa wa skuli: jiografia, hesabu, historia, na Kiingereza kisichokwisha. Historia ya pwani yao wenyewe waliisoma katika kitabu cha Bwana Hollingsworth, Mwingereza wa Idara ya Elimu ya Unguja, kilichotoka mwaka 1929. Alasiri alikuwa wa kiwanja cha Mnazi Mmoja, kwenye mpira wa miguu, na kriketi pia, mchezo ambao kusema kweli mimi sijapata kuufahamu mpaka leo. Baada ya Magharibi alikuwa wa msikiti na darasa za masheikh. Na usiku wa Maulidi, uwanja ule ule wa Mnazi Mmoja alikochezea mpira ndio alikokaa kusikiliza sifa za Mtume. Hakuna mtu aliyemwambia achague mojawapo.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa Cambridge. Karatasi za maswali zilitungwa Uingereza, na majibu yakapelekwa huko huko kusahihishwa. Fikirini, enyi vijana mnaolalamika kuwa matokeo yamechelewa wiki mbili: mvulana aliandika majibu yake mwisho wa mwaka katika joto la kaskazi, karatasi zikasafiri mpaka Uingereza, naye akakaa miezi akingoja kujua kama atakuwa karani, mwalimu, au hatakuwa kitu. Mama zao walisoma dua nyingi katika miezi hiyo.

Na aliyefaulu sana alikwenda wapi? Alikuja kwetu Uganda. Hili ndilo jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Kisiwa kile hakikuwa na chuo kikuu, na Makerere, iliyoanzishwa mwaka 1922 kama skuli ya ufundi na kufanywa chuo kikuu kishiriki cha London mwaka 1949, ndiyo iliyokuwa kilele cha elimu kwa Afrika ya Mashariki yote. Kijana wa Unguja alipanda meli mpaka Mombasa, kisha gari la moshi, akipita Nairobi na kuendelea mpaka Kampala, ambako reli ilifika mwaka 1931. Alikuja na kofia yake na msala wake. Mmoja wao alikuwa Sayyid Omar Abdalla, ambaye watu wamjua kwa jina la Mwinyi Baraka. Alisoma Makerere, baadaye akaenda kusoma Uingereza, kisha akarudi kuongoza Chuo cha Kiislamu cha Unguja, nacho ni chuo kilichowafundisha vijana dini kwa utaratibu wa skuli. Alifariki Komoro mwaka 1988. Mtu huyo aliweza kukaa na maprofesa wa Oxford na kukaa na wazee wa zikiri, na pande zote mbili zikamwona ni wao.

Sasa nirudi kwenye zile herufi. Katika walimu wa skuli za serikali za Unguja alikuwamo Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyezaliwa mwaka 1912. Alifundisha skuli miaka mingi, kisha mwaka 1960 akafanywa Kadhi wa Unguja, na baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya. Huyu ndiye aliyetutafsiria Kurani nzima kwa Kiswahili, ikatoka kwa ukamilifu mwaka 1969. Ni kitabu ambacho wengi wenu mmekwisha kukifungua. Maneno ya Mwenyezi Mungu yamo kwa Kiarabu chake, na tafsiri yake imeandikwa kwa herufi zipi? Kwa herufi zile zile za Kilatini walizoziogopa wazee wa mwaka 1907! Silisemi hili kwa kuwacheka wazee. Hofu yao ilikuwa na asili. Lakini chombo walichodhani kitawachukua watoto wao nje ya dini, mwana wao mmoja alikichukua akakiingiza ndani ya msikiti, na leo mtu wa Koboko asiyejua Kiarabu aweza kufahamu anachokisoma katika sala yake.

Nisipotaja habari za wasichana, akina mama hawataniruhusu kukaa. Skuli ya wasichana ya serikali ilifunguliwa Unguja mwaka 1927, na mashaka ya wazazi yalikuwa mara mbili ya yale ya wavulana. Walisema binti akijua kuandika ataandikia wanaume barua. Serikali safari hii ilitumia akili: ikaweka walimu wanawake, ikatia mafunzo ya dini, na ikatoa magari ya kuwachukua wasichana majumbani ili wasitembee njiani. Barua za mapenzi sijui kama ziliandikwa. Lakini najua kuwa katika skuli ile walitoka walimu na wauguzi ambao kisiwa hakikuwa nao kabla ya hapo. Skuli ya sekondari ya wasichana leo yaitwa Ben Bella, kwa jina la kiongozi wa Algeria.

Sitaki hata hivyo mwondoke hapa mkidhani kuwa mambo yalikuwa asali tupu. Skuli ile ya sekondari ilikuwa na aibu yake. Katika kisiwa ambamo Waafrika ndio waliokuwa wengi, viti vya sekondari vilikaliwa kwa wingi na watoto wa Kiarabu na wa Kihindi, na wa wenye nafasi mjini. Mtoto wa mkulima au wa mchukuzi wa bandarini aliingia kwa tabu. Wote walikuwa Waislamu kwa sehemu kubwa, wakisali safu moja, lakini safu ya msikitini haikuwa ndiyo safu ya darasani. Jambo hilo lilijenga uchungu. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963, na mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari 1964, hata mwezi na siku chache hazikutimia kuwa miwili. Damu nyingi ilimwagika. Sababu zake zilikuwa nyingi, lakini mtu asiseme kuwa viti vya skuli havikuwamo.

Miaka ya 1950 skuli ya sekondari ilikuwa imepewa jina la kumbukumbu ya Mfalme George wa Sita wa Uingereza, aliyefariki mwaka 1952. Baada ya mapinduzi jina hilo likaondolewa, ikaitwa Lumumba, kwa kumkumbuka Patrice Lumumba wa Kongo, aliyeuawa mwaka 1961. Jina hilo ndilo ililo nalo mpaka leo hapo Saateni. Tarehe 23 Septemba 1964 Rais Karume akatangaza elimu bila ya malipo kwa watoto wote, na milango ikafunguka kwa watu ambao baba zao hawakuwahi kuikaribia. Wakati huo huo walimu wengi wazuri walikuwa wamekimbia nchi au wameondolewa, na kile Chuo cha Kiislamu kikafungwa, kisha kikafunguliwa tena miaka iliyofuata. Basi viti viliongezeka na walimu wakapungua. Miongoni mwa waliosoma katika skuli hiyo ni Bwana Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Pemba, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Tanzania na baadaye, kutoka mwaka 1989 mpaka 2001, Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Mtoto wa kisiwa kidogo kuliko wilaya zetu nyingi!

Nawarudia sasa watu wa Kuluva. Sisi hatukuwa na Sultani wala Idara ya Elimu ya kugombana nayo. Katika West Nile shule zilifunguliwa na wamisionari, Wakatoliki na Waprotestanti, na wazee wetu wakafanya kama walivyofanya wazee wa Pemba: wakawaweka watoto nyumbani. Mtoto wa Kiislamu aliyeingia shule alirudi likizo akiwa na jina jipya, na baada ya kisa kimoja cha namna hiyo katika kijiji, familia ishirini hufunga milango. Matokeo yake twayajua. Vijana wetu walikwenda jeshini, biashara ndogo ndogo, udereva; makarani na waganga walikuwa watoto wa wengine. Nasema haya bila ya kinyongo, maana hospitali iliyo hapa Kuluva ilijengwa na wamisionari tangu mwaka 1951, na ni nani katika sisi ambaye hakupata kutibiwa hapo, au mkewe hakujifungulia hapo? Tukienda kwa maradhi tunaingia bila hofu. Hofu ilikuwa ni ya darasani.

Kisha, tulipoanza kuamka, ukaja mwaka 1979 na miaka iliyofuata. Wengi mlio hapa mlivuka mpaka mkiwa watoto, wengine Sudan, wengine Zaire, na darasa lenu lilikuwa chini ya mwembe wa kambi ikiwa mlikuwa na bahati. Yuko mtu katika mkutano huu, naye ananijua na mimi namjua, aliyerudi na ndevu akakaa dawati moja na mtoto wa miaka kumi na miwili ili amalize masomo yake. Watu wakamcheka. Leo anafundisha.

Leo mambo si yale. Shule za serikali zipo, sheria haimlazimishi mtoto kubadili dini wala jina, na kuna shule za Kiislamu pia, na tangu mwaka 1988 tuna Chuo Kikuu cha Kiislamu Mbale. Kiswahili, ambacho watoto wetu waliambiwa ni lugha ya askari, serikali iliamua mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kinachowazuia watoto wetu sasa si jina tena. Ni mwendo, na ni usiku. Msichana anayetembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, akafika nyumbani kuteka maji na kupika, hana nafasi ya hesabu wala ya juzuu. Mvulana anayepanga chumba mjini peke yake hana wa kumwamsha kwa Alfajiri, wala wa kumwuliza usiku alikuwa wapi. Hao wawili wanaacha masomo kila mwaka mbele ya macho yetu, na sisi twasema ni kudra.

Wazee wa Unguja walidai mwalimu wa Kurani awemo skulini, wakapewa baada ya miaka thelathini na kitu. Sisi hatuhitaji kumdai mtu. Dakhalia yenye vyumba viwili, kimoja cha wasichana na mlezi wao mwanamke, kingine cha wavulana kando kabisa upande wa pili wa msikiti, na mwalimu wetu wa madrasa akawasomesha baada ya Magharibi: hilo ni jambo lililo ndani ya uwezo wetu. Na tuangalie tusirudie aibu ya viti. Kitanda cha kwanza asipewe mtoto wa mweka hazina, wala wangu mimi. Apewe yule anayetoka mbali kuliko wote, awe Mnubi, Mlugbara, Mkakwa au Mwaringa.

Wanaotaka ukumbi hoja yao naifahamu, maana mvua ya mwaka jana ilitunyeshea katika arusi ya watu nao wakiwa wamekwisha kukaa kwenye mikeka. Lakini arusi yaweza kuahirishwa mpaka Jumamosi.

Bwana Mwenyekiti, mkutano wa kiwanja umewekwa Ijumaa ijayo baada ya sala. Fundi wetu ameniahidi kuja na hesabu ya matofali na mabati, ya ukumbi na ya bweni, kila moja kwa karatasi yake. Nawaombeni akina mama nanyi mhudhurie, na msikae nje ya dirisha kama mlivyozoea, nafasi itawekwa. Kwa upande wangu, mabati ishirini ya bweni nimekwisha kuyanunua, yapo nyumbani kwangu chini ya turubai, na atakayetaka kuyaona na apite.